Mwaka wa Kufuli Kwenye Boneti

Wasifu wa marehemu ulisomwa na binamu yangu Jonathani, kwa kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma, na alipofika kwenye sentensi isemayo kwamba baba yake "alijaliwa kipaji cha kutambua matatizo ya magari", nilijikuta nimecheka msibani. Mama mmoja wa kanisani aliyekaa kando yangu akanishika bega, akidhani ni kilio kinaanza. Nikamwacha adhani hivyo. Mjomba Eliakimu alikuwa na vipaji, sikatai. Aliweza kuongea mpaka chakula kikapoa, aliweza kunyamazisha chumba kizima kwa kukohoa tu, na barua zake za malalamiko ziliandikwa kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko yeye mwenyewe. Lakini kwa upande wa magari, Mungu anisamehe, alikuwa sawa na kuku. Nilifanya yote ambayo mpwa hufanya: nilipika, niliosha masufuria, nilikesha, nilimwaga udongo kaburini. Kitu ambacho sikuwa tayari kukifanya ni kuitikia uongo. Nje ya geti, barabarani, mume wangu Anakleti alikuwa amekaa ndani ya gari letu, kioo kimeshushwa, akisikia wasifu uleule kupitia spika iliyofungwa kwenye mparachichi. Hajakanyaga ua ule wa Kahororo tangu mwaka ninaotaka kuusimulia, na hata siku ile ya mazishi alinifikisha getini, akazima injini, akasema, "Nenda, waitu," kwa neno letu la kubembelezana. "Mimi nitakungoja hapa."

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu na nilikuwa nasubiri kupangiwa kituo cha kazi. Nilisubiria kwa mjomba kwa sababu nyumba yake ilikuwa karibu na ofisi ambazo wanaosubiri huenda kuambiwa waendelee kusubiri. Nililala stoo, pamoja na magunia ya kahawa na mashuka ya wageni ambao hawakuja. Sebule ilikuwa na makochi yaliyovalishwa vitambaa vya kufuma, saa kubwa ya ukutani, na kabati la vitabu lenye kioo lililofungwa kwa ufunguo, nadhani ili vitabu visije vikasomwa. Mjomba alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, ila kustaafu kulimpata kwenye karatasi tu. Alikagua chumvi ya mboga, alikagua kucha zetu, alikagua sala ya mkewe kama imetaja watu wote. Wenzetu wa mikoa mingine hutuita sisi Wahaya nshomile, yaani watu waliosoma na ambao hawatakuacha uondoke kabla hujajua kwamba wamesoma. Hadharani tunakasirika, moyoni tunafurahi. Mjomba hakujisumbua hata kukasirika.

Gari lilikuja mwanzoni mwa mwaka huohuo, dogo, jeupe, lililotumika Japani kwanza, na lilikuja na haja ya dereva kwa sababu mjomba hakujua kuendesha wala hakuwa tayari kufundishwa na mtu yeyote aliyezaliwa baada yake. Ndivyo Anakleti alivyoingia kwenye nyumba ile. Alikuwa Mkatoliki wa Kashozi, na hilo katika nyumba ya Walutheri wale lilitajwa kila mara jina lake lilipotajwa, kama vile ni ugonjwa anaougua. Kila wiki alimpeleka mjomba Muleba kwenye bodi ya shule moja, na kila waliporudi alikula jikoni na mimi, ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, kwenye sinia moja lililokunjika ukingo, wakati wenyewe wakila sebuleni. Hakuwa bingwa wa magari. Alijua kuendesha na alijua usafi, basi. Kila mwisho wa mwezi alifungua boneti, akatoa filta ya hewa kwenye boksi lake, akaigonga kwenye jiwe karibu na tangi la maji mpaka vumbi lote la barabara likatoka, akairudisha, akanawa, akaja kula. Nilikuwa nikimtazama kupitia dirisha la jikoni nikiwa namenya ndizi. Nilimpenda kwa sababu katika nyumba ile yeye peke yake alifanya jambo bila kulitolea maelezo.

Ikaja Novemba na senene, wale panzi wa kijani wanaoliwa. Kwetu senene hukusanywa na wanawake, hukatwa mabawa na wanawake, hukaangwa na wanawake, na kwa desturi ya zamani wanawake hawawali. Mwanamke huwatia kwenye chombo, akawafunika vizuri, akapiga magoti mbele ya mwenye nyumba na kumkabidhi, na mwenye nyumba kwa kufurahi humpa kitenge. Mjomba aliyeita nusu ya desturi zetu ushenzi, hii moja aliitunza kwa moyo wote. Mwaka ule Jonathani alikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo kikuu, na asubuhi moja akaingia uani na magunia ya senene wazima, anacheka mwenyewe. Akasema yeye na wenzake wameazima jenereta, wakategesha mabati na taa kwenye uwanja wa shule, na senene wakamiminika wenyewe. Tulikaa siku nzima tukikata mabawa na miguu mpaka vidole vikawa kijani. Mama Jonathani akapiga magoti, akakabidhi. Mjomba akafunua, akatafuna, akalamba vidole, akasema, "Huyu kijana ana akili ya vitendo." Mkewe akapata kitenge. Anakleti hakuwepo, kwa sababu ilikuwa mapumziko yake ya mwisho wa wiki na alikuwa kwao Kashozi, na funguo za gari siku hizo zilibaki sebuleni kwenye bakuli la kioo.

Aliporudi, akawasha gari kwenda Muleba, na kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano ambayo haikuwahi kuwaka. Alimwita mjomba aione. Hapo ndipo ujinga ulipovaa suti.

Mtu mwingine angeita fundi. Mjomba aliitisha kikao. Viti vilitolewa sebuleni vikapangwa nusu duara mbele ya gari, na mimi nikatumwa kuleta akamwani, zile kahawa za kutafuna ambazo mgeni hupewa, kana kwamba gari limekuja kuposa. Alikuja Mzee Ishengoma, jirani, ambaye zamani alikuwa karani wa mizigo melini na kwa sababu hiyo alihesabiwa kuwa mtu wa injini. Jonathani alikaa pembeni ya baba yake. Anakleti aliachwa amesimama. Walianza kwa sala, kisha wakapokezana kuingiza kichwa ndani ya gari kuitazama ile taa.

"Hili ni birika," alisema mjomba. "Ni alama ya maji. Gari linataka maji."

"Si birika, Mwalimu," alisema Mzee Ishengoma. "Ukiangalia kwa makini ni meli, imechorwa kwa ubavu. Ni mambo ya mafuta hayo. Very simple."

"Nafikiri ni injini, Mzee," alisema Anakleti.

Mjomba akamgeukia taratibu. "Nani amekuuliza?"

Walijadili mpaka ebitoke vikapoa jikoni, nikavipasha, vikapoa tena. Jonathani, ambaye aliujua ukweli wote kama anavyoijua mifuko yake, aliunga mkono birika, kisha akaunga mkono meli. Mwishowe Mzee Ishengoma akasimulia mtu mmoja wa Kemondo ambaye dereva wake alimnyofolea vifaa vya Kijapani kimoja kimoja akaweka vya bandia, mpaka siku moja akawa na gari jeupe lisilo na kitu chake cha asili isipokuwa rangi. Niliona macho ya wote yakihama kutoka kwenye taa kwenda kwa Anakleti. Azimio la kikao likawa kwamba boneti isifunguliwe na mtu yeyote bila kikao. Kesho yake akaitwa mchomeleaji, akachomelea vipete viwili mbele ya gari, na mjomba akatia kufuli kubwa la geti. Gari likatembea mjini Bukoba limevaa kufuli kama hereni. Ufunguo ulitundikwa kwenye msumari chini ya saa ya ukutani, ambayo mimi niliifuta vumbi kila asubuhi.

"Mzee," Anakleti alisema, "mwisho wa mwezi umefika. Filta nitaisafishaje?"

"Umemsikia?" Mjomba alimwambia Jonathani. "Hata wiki haijaisha, tayari anataka kufungua."

Fundi wa kupima kwa kompyuta alipatikana hatimaye mjini, kijana wa miwani ya jua aliyechomeka kimashine chini ya usukani, akasoma, akasema tatizo lipo upande wa sensa, kile kifaa kinachopima hewa ya injini, gari halipati hewa inavyotakiwa, na kwamba ingefaa afungue boneti aangalie. Mjomba akamwambia boneti haifunguliwi bila kikao. Kijana akatazama lile kufuli, akatutazama sisi, akabonyeza kitu taa ikazimika, akachukua chake akaondoka. Nilimdharau hata yeye, maana alijua kwamba ameizima taa tu na hajatibu kitu. Tulipofika Kahororo ilikuwa imewaka tena. Hiyo ikawatosha. Mashine imesema sensa, sensa ni kifaa, kifaa kimebadilishwa, na aliyekuwa akifungua boneti kila mwisho wa mwezi anajulikana. Kikao cha pili hakikuchukua muda. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la akamwani nikasema, "Mjomba, alikuwa anasafisha filta, nilikuwa namwona kila mara." Mzee Ishengoma akacheka kwa upole ule unaouma kuliko tusi. Mjomba akasema, "Koku, rudi jikoni, kuna kitu kinaungua." Hakukuwa na kitu kinachoungua.

Anakleti aliachishwa kazi siku hiyo, akaondoka bila kelele. Alikuja jikoni kuchukua kikombe chake, akaniambia, "Sijachukua kitu cha mtu," nikamwambia najua, akasema, "Wewe ukijua haitoshi." Nilikasirika wakati huo. Baadaye nilielewa, kwa sababu habari ilifika Kashozi kabla yake. Mjomba alikuwa ameisimulia kanisani, sokoni na kwenye bodi ya Muleba, na kila aliyesimuliwa alikuwa na shemeji au mnunuzi wake wa kahawa huko. Watu waliokuwa na magari na walioahidi kumpa kazi wakaanza kusema watamwita. Mama yake, aliyekuwa akikaa benchi la mbele kanisani miaka yote, akahamia nyuma karibu na mlango, na misa ikiisha akawa wa kwanza kutoka. Hilo la yule mama bado linanichoma leo kuliko yote, na ndilo nililokuwa nalifikiria nilipokuwa nasikiliza wasifu.

Kabla ya Krismasi nilitakiwa kupeleka vyeti vyangu ofisi za wilaya Muleba, nikapewa nafasi kwenye gari. Jonathani ndiye aliyeendesha, mjomba na Mzee Ishengoma walikaa kama mawaziri. Gari lilikuwa halina nguvu, kila mlima lilikohoa, na taa ya njano imewaka muda wote. Tulipoanza kupanda baada ya Kyetema, harufu nzuri ikaingia ndani.

"Aa, hapa kuna watu wanakaanga senene," alisema mjomba, akimeza mate.

"Na chumvi wametia vizuri," alisema Mzee Ishengoma.

Tukashuka, harufu ikapungua. Tukapanda tena, ikarudi. Mjomba akashangaa jinsi mwaka huu senene walivyobarikiwa, kila kilima kina jiko. Tulipita sehemu isiyo na nyumba wala shamba, majani matupu, na harufu ikawa kali kuliko kwenye vijiji. Watu wawili waliosoma, mmoja wao mkaguzi, walisafiri na jiko lao miguuni kutoka Bukoba hadi Muleba wakiwasifu wapishi wa watu. Niliinua macho nikaona uso wa Jonathani kwenye kioo cha ndani, na uso ule haukuwa unavuta harufu. Ulikuwa unaogopa. Hapo nikajua jenereta haikuwepo.

Siku ya pili ya Krismasi walikuwa sebuleni wote, wamevaa, wanasubiri chakula. Nilikwenda chini ya saa, mbele ya macho yao, nikachukua ufunguo kama ninavyofuta vumbi, na hakuna aliyeniona kwa sababu mtu anayefuta vumbi haonekani. Nilifungua kufuli, nikainua boneti. Lile boksi la filta nilikuwa nimeliona likifunguliwa kwa vidole tu mara nyingi, nikabana vibanio, nikalifungua. Walikuwa wamejaa. Walikuwa wameshonana wakavimba, mabawa na miguu na vichwa, wamekandamizwa kwenye filta mpaka imechanika, na wengine wamemwagikia hadi kwenye bomba la moto wakakauka rangi ya dhahabu. Kumbe Jonathani alikuwa ameliegesha gari mbele ya mabati, taa kali zimewashwa, na injini ikinguruma usiku kucha ili betri isife, na injini ikavuta hewa na kilichokuwamo hewani. Niliwachota kwa mikono, nikawatia kwenye chombo kilekile cha kukabidhia, juu yao nikaweka filta iliyochanika, nikafunika kwa kitambaa kilichopigwa pasi.

Nilipiga magoti mbele ya mjomba.

"Mpwa wangu!" alisema, amefurahi kweli. "Waliobaki?"

"Hawa ni wako hasa, mjomba," nikasema. "Umewabeba mwenyewe Muleba na kurudi."

Akafunua. Mzee Ishengoma akasogeza shingo, kisha akairudisha. Mama Jonathani akaweka mkono mdomoni. Nikaeleza yote nikiwa bado nimepiga magoti: mabati, taa, injini, bakuli la funguo, nani alikuwa Kashozi na nani alikuwa hapa. Jonathani akawa anatazama viatu vyake. Nilingoja. Niliamini kwa utoto wangu kwamba ukweli ukishawekwa mezani watu watauona. Mjomba alitafuna akamwani yake mpaka ikaisha, akatema ganda, akakohoa, akasema, "Suala la gari limefungwa. Mwambieni yule kijana arudi kazini." Kisha akauliza kama ebitoke vimeiva. Hata kitenge sikupewa.

Nilikwenda Kashozi siku hiyohiyo na nguo za sikukuu. Anakleti alikuwa akipalilia kahawa za mama yake. Nilimsimulia nikiwa nacheka na kulia, naye alisikiliza mpaka mwisho, akaegemea jembe.

"Amesema mimi si mwizi?"

"Amesema urudi kazini."

"Sikuuliza hilo."

Akasema siku ile ambayo mtu wa nyumba ile atasema neno hilo, kwamba yeye si mwizi, kwa mdomo wake, hata liwe neno moja, ataingia getini kwa miguu yake na kunywa chai. Akarudi kupalilia. Tulioana baada ya mimi kupata kituo, kwa baba yangu, si Kahororo. Mjomba alikuja kwenye harusi na kutoa hotuba ndefu kuhusu thamani ya elimu katika ndoa, akampa Anakleti mkono mbele ya watu wote, na lile neno akalimeza. Tukirudi nyumbani likizo tulisikia bado anasimulia, kwa wageni, jinsi dereva mmoja alivyowahi kumharibia gari. Senene hawakuwamo kwenye masimulizi yake. Mama mkwe wangu alifariki akiwa bado mtu wa benchi la nyuma.

Watu walipoanza kutawanyika baada ya mazishi, nilitoka getini nikamkuta Jonathani ametangulia. Amekuwa mtu mzima mwenye kitambi na gari refu jeusi kutoka Dar es Salaam, nalo lilikuwa limeegeshwa nyuma ya letu, boneti juu. Alikuwa ameinama kwenye dirisha la Anakleti, tai ya msiba ikining'inia ndani.

"Shemeji, wewe ni mtu wa magari," alikuwa akisema. "Hii taa ya injini imewaka tangu Biharamulo. Nimeiziba na utepe mweusi lakini bado moyo haujatulia. Hebu nitazamie."

Anakleti alimtazama, na mimi nilijua anangoja nini, na nina hakika Jonathani alijua pia, kwa sababu alianza kukwangua kitu kisichokuwepo kwenye mlango wetu. Ndani ya ua spika ilikuwa inawashukuru waombolezaji. Mzee alikuwa ameshafukiwa kando ya mkewe, amebaki huyu mmoja tu wa nyumba ile anayeweza kulisema, na lilikuwa neno dogo.

"Yale ya zamani, shemeji," alisema Jonathani hatimaye, "tuseme yalishapita."

Anakleti akanifungulia mlango, nikaingia, nikafunga mkanda. Akawasha gari, na dashibodi yetu ikawaka taa zote kisha zikazimika zote, safi, kama kila asubuhi.

"Itisheni kikao," akamwambia, akapandisha kioo, tukaondoka.